Nne kwa Kumi na Tatu

Alhamisi ya tatu ya Agosti gazeti la mji lilitoka na kurasa zake nane za utabiri, na Len Hrabak akalisoma lote akiwa amesimama jikoni, kuanzia kichwa cha habari mpaka tangazo la mtu anayeuza boti yenye tundu. Waandishi watano walikuwa wameulizwa timu yetu itafanya nini msimu huu. Wanne walisema itashinda mechi nne na kufungwa kumi na tatu. Wa tano, ambaye ni mpole tangu zamani, alisema itashinda tano. Len alipomaliza alilikunja gazeti, akaosha kikombe chake cha kahawa, akakifuta na kukirudisha kabatini.

Basi. Hakufanya kingine.

Kama humjui Len hutaona ubaya wa jambo hilo. Huyu ndiye mtu ambaye mwaka waliotutabiria mechi mbili alilitupa gazeti kwenye jiko la mkaa, juu ya kuku aliyekuwa hajaiva, na wageni wake wakala kuku wenye harufu ya wino bila kuthubutu kusema neno. Mwaka mwingine aliendesha gari mpaka mjini, kwenye ofisi za gazeti lenyewe, akamtaka mwandishi atoke nje kama mwanamume. Aliyetoka ni mlinzi wa mlangoni, naye kumbe alikuwa shabiki mwenzake, wakaishia kukaa kwenye ngazi wawili hao wakiomboleza. Na mwaka waliosema tutashinda kumi na moja ndipo alipokasirika kuliko yote, kwa kuwa alijua wanatutia mkosi. Ikawa hivyo hivyo, tukashinda tatu.

Mpira ninaousema ni ule wa kwetu, wa kofia ngumu na mabega ya plastiki, ambao hubebwa mikononi kuliko kupigwa mguu. Mchezaji mkuu ni mrushaji, anayewatupia wenzake mpira. Mechi ni kumi na saba kwa msimu. Sisi wa Parma, hapa Ohio, tumeishi na timu hii kama mtu anavyoishi na mgongo mbovu. Mtu haulizwi kama unamuuma. Anaulizwa leo unamuuma kiasi gani.

Saa tatu asubuhi jirani yake Otis Pruitt alivuka majani kwa ndala, gazeti kwapani, mishipa ya shingo imemtoka. Otis aliendesha basi la shule miaka thelathini na moja, na sauti yake haijastaafu.

"Umeyaona haya matusi?"

"Nimeyaona."

"Nne! Nne, Len! Kwani wamesikia tunapeleka watawa uwanjani?"

"Labda wamezidisha," alisema Len.

Otis aliangua kicheko, akampiga bega. Kisha akamtazama vizuri, na kicheko kikamwishia mdomoni.

"Hebu geuka huku. Umekunywa dawa gani wewe?"

"Sijanywa dawa."

"Mbona uko hivyo?"

"Niko vipi?"

"Kama mtu anayesubiri basi. Na mimi nawajua watu wanaosubiri basi."

Len alivuta kiti, akakaa. Alikuwa na miaka sitini na sita, mwili mkubwa, vidole viwili vya mkono wa kushoto vifupi kidogo kuliko wenzao kwa sababu ya mashine ya kiwandani. Hakuwa mtu wa kutoa ya moyoni. Lakini siku hiyo moyoni hakukuwa na la kuficha.

"Sisikii kitu, Otis. Nimesoma mara ya kwanza kimya, nikarudia kwa sauti. Hakuna kitu. Ni kama nasoma bei za matairi."

"Hata pale walipomwita mrushaji wetu mtoto wa chekechea?"

"Hata pale."

Otis naye akavuta kiti. Alikaa muda akizungusha ndala kwa kidole cha mguu. Halafu akauliza kwa sauti ndogo, sauti ambayo Len hakujua kama anayo, "Na Noreen si anapiga simu leo?"

"Anapiga leo," alisema Len.

Hapo ndipo penye jambo lenyewe, nami sitalizungusha. Noreen ni mtoto wa pekee wa Len. Wazazi walipoachana alikuwa na miaka tisa, na hakimu akampa baba Jumapili, kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa moja jioni, Septemba kama Machi. Sasa mwanamume anayeshinda wiki nzima akipiga mabati kiwandani afanye nini na msichana wa miaka tisa saa tisa mfululizo? Kusuka nywele hajui. Hadithi hana. Akampeleka uwanjani. Wasipopata tiketi walikaa mbele ya televisheni na bakuli la bisi, na alimfundisha kila kitu, kuanzia jinsi ya kumsoma mlinzi anayedanganya mpaka jinsi ya kumtukana refa bila kutumia tusi ambalo mama yake angelisikia. Mtoto alishika haraka, na kufikia miaka kumi na mbili alikuwa anamsahihisha baba yake.

Alipohamia Arizona, sasa ni mwaka wa kumi na nne, mpira ulihama naye. Wakati wa msimu humpigia baba yake kila Jumatatu, wakaichambua mechi. Kuanzia Februari mpaka Agosti ni kimya, isipokuwa kadi ya siku ya kuzaliwa na simu ya dakika nne Siku ya Baba. Kisha utabiri unatoka, na jioni yake Noreen anapiga, wanaipitia ratiba mechi moja moja, hii tunashinda, hii tunafungwa, na kwa nini. Simu hiyo ndiyo inayofungua mlango wa Jumatatu zote zinazofuata. Hawana mlango mwingine. Len anajua mwanawe anawaonaje walinzi wetu wa pembeni. Kazi yake anajua tu kwamba ni ya ofisini na inahusu maji.

Basi kama hana la kusema jioni hii, atasema nini Jumatatu? Na akikosa la kusema Jumatatu mbili, tatu, mtoto ataendelea kupiga kwa ajili gani? Alijua kwamba anapaswa kuogopa. Lakini hata woga wenyewe aliujua kwa kichwa tu, haukushuka chini.

"Basi tutafanya mazoezi," alisema Otis. "Inuka."

Gereji ya Otis imepakwa rangi za timu mpaka dari. Walikaa kwenye viti vya kukunja, Otis na gazeti, Len na ratiba ndogo ambayo duka la dawa huwagawia wateja wake. Otis alikohoa, akabana pua.

"Haloo Baba, ni mimi Nori."

"Noreen hana sauti ya paka."

"Baba, usinitukane, nimepiga kutoka mbali. Haya, mechi ya kwanza. Tuko nyumbani."

"Tunafungwa."

"We!" Otis aliachia pua. "Una wazimu? Ukianza kwa kufungwa nyumbani, mtoto atapanda ndege akijua umelazwa. Mechi ya kwanza tunashinda. Hata kama hatushindi, tunashinda."

"Haya. Tunashinda."

"Kwa nini?"

"Wewe ndiye uliyesema."

"Noreen atauliza kwa nini, Len! Si umemlea mwenyewe?"

"Kwa sababu mrushaji mpya ana mkono mzuri."

"Anaitwa nani?"

Len aliigeuza ratiba kulitafuta jina, halikuwamo. Kijana huyo picha yake ilikuwa imebandikwa mpaka kwenye pampu za petroli tangu Aprili. Otis alimtazama kwa huruma ambayo ilikuwa mbaya kuliko matusi, akachukua kalamu, akamwandikia nyuma ya kiganja, BRANTLEY OAKES, kama watoto wa shule wanavyoibia mtihani.

Waliendelea hivyo mpaka karibu saa sita. Otis alimfundisha pa kupandisha sauti, pa kugonga meza, pa kusema "usinichekeshe." Alimtaka amlaani kocha mara mbili, si zaidi. Len alirudia kila kitu vizuri, kwa sauti ya mtu anayesoma masharti nyuma ya tiketi.

"Wewe unasema tutashinda ngapi?" aliuliza Len walipopumzika.

"Kumi na mbili."

"Kila mwaka unasema kumi na mbili."

"Miaka arobaini nasema kumi na mbili. Unadhani sijui kuhesabu?"

"Basi mbona unasema?"

Otis alifungua mkebe wa bia, akaliwahi povu lake kwa mdomo. "Sasa mwezi wa nane mtu aseme nini kingine?"

Simu iliita saa kumi na mbili jioni kasoro dakika mbili, jua bado kali kwenye dirisha la jikoni. Kule kwake ilikuwa saa tisa alasiri. Len aliiacha ilie mara tatu, kama walivyokubaliana na Otis, ili asionekane alikuwa ameikalia.

"Baba! Umeyaona hayo majinga?"

"Nimeyaona, mwanangu. Nusura nichome nyumba."

Maneno hayo alikuwa ameyasema miaka miwili iliyopita, na wakati huo yalikuwa kweli kidogo. Noreen alicheka. Kicheko chake kilifika kizima kutoka Arizona, kipana, cha kukwaruza, na Len alikisikia kama mtu anayesikia redio ya jirani, akajua kwamba ni kizuri.

"Nne!" alisema Noreen. "Hivi hao watu wanalipwa?"

"Usinichekeshe," alisema Len, akagonga meza.

"Haya twende. Ya kwanza, nyumbani."

"Tunashinda. Kijana ana mkono." Alitupa jicho nyuma ya kiganja. Jasho lilikuwa limeanza kula herufi. "Oakes ana mkono."

"Mkono anao, miguu je? Mimi namwona mzito. Lakini haya, tunashinda. Ya pili?"

Ya pili tukafungwa, kwa pointi tatu, kwa kosa la kocha, na Len akamlaani mara ya kwanza. Ya tatu tukashinda. Ya nne walibishana, maana Noreen alisema tunashinda, na Len, kwa maagizo ya Otis, alikuwa lazima abishe angalau moja. Akabisha. Mtoto akamvaa kwa hoja za dakika tano, za walinzi, za nyasi, za upepo wa ziwani, akamalizia, "Umeshindwa, mzee, kubali," na Len akakubali. Kila kitu kilikuwa kinakwenda. Alifikiri, kumbe inawezekana. Kumbe mtu anaweza kuishi hivi na asijulikane.

"Ya sita," alisema Noreen. "Pittsburgh. Ugenini."

"Aa, pale watafungwa tu," alisema Len.



Sikiliza, kwetu huku unaweza kusema lolote juu ya timu. Unaweza kusema kocha ni kichaa na mwenye timu ni bahili, na kwamba wachezaji wote wafungwe kwenye gunia watupwe ziwani. Hakuna atakayekushangaa, huenda mtu akakununulia bia. Lakini husemi "wa." Unasema "tu." Tulifungwa. Tulimfukuza kocha. Tuliudondosha mpira mlangoni kabisa. Mwanamume wa kilo mia na thelathini ambaye hajakimbilia hata mvua tangu aoe atakuambia jana tulikimbia vibaya, na hatatania. Watu wa Pittsburgh, mahasimu wetu, ndio "wa." Nimewahi kuona baa nzima ikimgeukia mtu aliyesema "jana walicheza ovyo," na mhudumu akamuuliza kwa adabu kwao ni wapi. Ukisema "wa" juu ya timu yako, umekwisha kuondoka, hata kama koti lako bado limetundikwa ukutani.

"Nani watafungwa?" aliuliza Noreen.

"Sisi. Tutafungwa. Ulimi umeteleza."

"Ulimi wako hautelezi hapo, Baba. Ulipotolewa nyongo uliamka na mipira puani, hujui jina langu, ukauliza 'tumeshinda?'"

"Nimechoka tu. Joto."

"Baba. Unaumwa?"

"Siumwi."

"Niapie."

"Nakuapia siumwi." Kisha kwa kuwa hakuna kilichobaki kwenye mazoezi, Otis hakuwa amefika hapo, alisema ukweli. "Sisikii kitu, Nori. Asubuhi nimesoma nne kwa kumi na tatu, nikaosha kikombe. Nimejaribu. Nimesoma tena na tena, nimetafuta hata hasira ndogo tu, ya kuanzia. Hakuna. Pamekufa ganzi. Msimu uliopita nadhani ndipo ilipoanza, mechi moja niliizima robo ya tatu nikatoka kusukuma theluji, na wala hatukuwa nyuma."

Alisikia pumzi ya mwanawe, na nyuma yake mashine ya kupoza hewa.

"Kwa hiyo hizo tano ulikuwa unaigiza."

"Nimefanya mazoezi na Otis."

"Mazoezi!"

"Yeye alikuwa wewe."

Sauti iliyotoka kwa Noreen Len hakujua ni ya kucheka au ya kulia, na hilo nalo lilikuwa aibu, baba mtu mzima kutoitambua sauti hiyo kwa mwanawe. "Kwa nini hukuniambia tu?" aliuliza Noreen, na sasa alikuwa amekasirika wazi. "Kwa nini unifanyie mchezo wa kuigiza, Baba? Mimi ni nani, mwandishi wa gazeti?"

"Ningekuambia nini? Kwamba sina la kukuambia?"

Len aliangalia ratiba ya duka la dawa. Alikuwa ameweka alama mechi tano kwa kalamu ya Otis, herufi zimenyooka, kazi safi kabisa. Alingoja mtoto aseme haya Baba, tutaongea. Alilijua neno hilo litakavyotamkwa, na akajua kwamba baada ya hapo atasimama, atapika yai, atalala.

"Ya saba," alisema Noreen.

"Nini?"

"Soma ya saba."

"Nori, si nimekwambia..."

"Nimesikia ulichoniambia. Sijasema ushangilie. Soma tu, mpaka ya kumi na moja, halafu nitakuacha."

Len alimtii, kwa kuwa kutii ni rahisi. Ya saba, nyumbani, kufungwa. Ya nane, ugenini, kufungwa. Wiki ya mapumziko. Ya tisa, nyumbani, kushinda. Alisoma kama karani anavyoita majina, na Noreen safari hii hakubisha hata moja, alisema "ndiyo" na "ndiyo" kwa sauti ya mtu anayetazama saa. Ya kumi, ugenini, kufungwa.

"Ya kumi na moja," alisema Len. "Ugenini. Arizona."

Akasimama hapo.

Ratiba hiyo alikuwa ameisoma asubuhi, akaisoma tena gerejini na Otis, tena mara mbili. Aliona "ugenini," akapita. Sisi kwetu ugenini ni ugenini, ni upande wa karatasi tunaofungwa, mtu haangalii ni mji gani. Len alikuwa ameiruka Arizona anakoishi mtoto wake wa pekee kama anavyoiruka Jacksonville, mji usiomhusu.

"Umeiona?" aliuliza Noreen.

"Nimeiona sasa hivi."

"Mimi niliiona Mei, siku ile ile ratiba ilipotoka. Niko foleni ya kulipia vitu dukani, nikapiga kelele mpaka watu wakageuka. Nikasema nitamwambia tukifika ya kumi na moja. Nitampitisha polepole, nitajifanya sina habari, halafu nitamwambia."

"Mbona hukupiga Mei hiyo hiyo?"

"Hatupigiani Mei, Baba."

Alisema bila kulaumu, kama mtu anavyosema duka hufungwa Jumapili. Len alikubali kwa kichwa, ingawa hakuna aliyemwona.

"Umekwisha nunua tiketi?"

"Nilitaka ninunue kesho. Sasa naona tuziache." Kisha akaongeza, "Uje hata hivyo."

"Bila mechi?"

"Bila mechi."

"Tutafanya nini?"

"Sijui. Tutakaa."

Len alifikiria kukaa. Alijaribu kujiona kwenye chumba ambacho hajapata kukiona, yeye upande huu, Noreen upande ule, hakuna televisheni, hakuna robo ya kwanza wala ya pili, saa inakwenda tu bila mtu wa kuisimamisha. Hakuona wangekuwa wanasema nini. Lakini alisikia jinsi mtoto anavyongoja, na akatafuta upesi kitu cha kumpa, chochote ambacho mkono wa baba unaweza kubeba.

"Basi nitakuja na soseji," alisema. "Zile ninazokutumia kila Krismasi, za moshi, za soko la magharibi. Safari hii nazibeba mwenyewe. Hakuna haja ya barafu wala posta."

Upande wa pili Noreen alikohoa.

"Nori?"

"Baba, mimi sili nyama."

"Tangu lini?"

"Tangu miaka tisa iliyopita."

Len alihesabu, hakuweza kujizuia. Maboksi tisa. Kila Desemba alisimama foleni saa nzima pale sokoni kwenye baridi, maana soseji za yule mzee wa pembeni huisha mapema, akazifunga kwa magazeti na barafu, akaandika anwani kwa herufi kubwa ili lisipotee boksi hata moja. Na kila mwaka mtoto alipiga kushukuru kabla hawajaingia kwenye mechi.

"Lakini ulisema tamu. Kila mwaka unasema mwaka huu ni tamu zaidi."

"Mwenye nyumba wangu ndiye anayesema ni tamu. Mimi nakufikishia tu. Anakusalimia kila mara."

Iliuma. Iliingia moja kwa moja, bila kubisha hodi, na Len akaushika ukingo wa meza kwa mkono wenye jina la kijana yule. Aliona aibu ikimpanda masikioni. Akamwona mwanawe mlangoni mwa huyo mwenye nyumba na boksi linalovuja maji ya barafu, Krismasi baada ya Krismasi, akitabasamu. Macho yakamjaa, mtu ambaye asubuhi hakuweza kupata hata hasira ya kuanzia.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia saa ngapi?" alisema Noreen, na sasa alikuwa analia, hilo Len alilitambua. "Tulikuwa tunaongea mpira."

Nje Otis alikuwa amekwisha sogea kwenye uzio, uvumilivu umemwishia, anaita kwa sauti ya basi zima, "Len! Tumeshinda ngapi?" Len alinyanyuka na simu sikioni, akafunga dirisha. Kisha akarudi kukaa.

"Unakula nini, basi?" alimuuliza mwanawe.

"Saa hizi?"

"Kila siku. Asubuhi unakula nini, mchana unakula nini. Nataka kujua."

"Maharage," alisema Noreen. Alipenga kamasi. "Mara nyingi maharage, Baba. Nayapika Jumapili."